Namba Zilizohama na Milango

Sepuka,
12 Februari 2024

Mjomba Leonard,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko mjini. Mimi sijambo. Dada Winfrida anakusalimu. Miguu imemvimba lakini bado anapalilia karanga, na shemeji Antipasi amechoka kumkataza. Tumbo limeingia mwezi wa nane.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaongea haraka, na mimi nikishapata la kujibu wewe umeshakata. Tangu nimalize kidato cha nne mama ananiambia nijifunze kuongea na watu. Najifunza. Lakini kwenye karatasi najiona mkubwa kidogo. Bahasha hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na fomu za nyumba ishirini na sita.

Kazi uliyonipa nimeielewa hivi. Ofisi yenu ina orodha ya nyumba 164, kila moja ina jina la barabara na namba. Wewe unageuza anwani hizo kuwa kodineti, yaani zile tarakimu za kusini na za mashariki, ziingizwe kwenye kifaa cha GPS cha mkononi atakachopewa dereva wa pikipiki ya wagonjwa. Mjamzito akipiga simu anataja barabara na namba, dereva anaichagua, mshale unampeleka mpaka mlangoni. Mimi natembea na kifaa kingine kama hicho, mlango kwa mlango, kuangalia kama tarakimu zako zinafika.

Hazifiki zote, Mjomba. Samahani. Kati ya nyumba ishirini na sita, saba zimenipeleka mahali pasipo na mtu. Mojawapo ni hii ya dada, namba 12, Barabara ya Mnadani. Mshale ulinivusha korongo ukanisimamisha kwenye mahame yao ya zamani, kuta za udongo na mbaazi zimeota katikati ya sebule.

Nimejua sababu. Korongo limekula viwanja, watu wamehamia juu ng'ambo ya huku. Na huku mtu akihama haachi mlango. Tembe linabaki libomoke, lakini mlango wa mninga unang'olewa na fremu yake na kupakiwa kwenye mkokoteni. Vibao vya namba vilipigiliwa kwenye milango. Kwa hiyo namba zimehama na milango, na orodha yako haijui.

Naomba uniruhusu niandike tarakimu mpya kila ninapokuta hivyo. Unakumbuka dada alivyocheleweshwa mwaka juzi, mtoto akafia kwenye mkokoteni. Ningependa safari hii wamkute.

Mpwa wako,
Aneth Chediel


Singida mjini,
15 Februari 2024

Mpwa wangu Aneth,

Marahaba. Fomu nimezipata, una mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwaajiri.

Sasa nisikilize. Tarakimu sikuziota. Nimekaa na picha ya kutoka juu, Barabara ya Mnadani inaanzia kwenye mashine ya kusaga, namba witiri kushoto, shufwa kulia, nimehesabu paa moja moja mpaka mwisho. Macho yaliniuma wiki nzima. Anwani ni mali ya ardhi, haitembei. Kama kibao kimetembea, kosa ni la aliyekitembeza.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua nyundo, ng'oa vibao vilivyohama, kavipigilie kwenye nyumba zake za awali. Hapo uwanja utafanana na orodha na sisi tutakabidhi kazi tarehe 29 bila maneno.

Tena usitembee na hizo habari za saba kati ya ishirini na sita kwa watu. Hata kwenye mtihani mtu hapati mia.

Msalimie Winfrida. Mwambie karanga hazikimbii.

Mjomba wako,
Leonard


Sepuka,
21 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne nikidhani kuna mahali unatania.

Nyumba zake za awali hazina milango, Mjomba. Hazina hata mahali pa kupigilia msumari. Unataka nikapigilie namba kwenye mbaazi?

Hata hivyo nilijaribu kutii, kwa sababu wewe ni mjomba wangu. Nilienda kwa Mzee Zefania, namba 38, nikamwamkia, nikakaa karibu nusu saa bila kusema kilichonileta. Mkwewe Marietha ndiye aliyenisaidia. Yeye naye ni mjamzito, tena ana mdomo kuliko mimi.

"Baba, huyu binti ametumwa kitu na anaona haya. Sema, mwenzangu, hatung'ati."

Nikasema. Mzee Zefania akanitazama, akatazama nyundo.

"Kwa hiyo mjomba wako anataka namba yangu ikakae kule korongoni, na mimi nikae hapa?"

"Ndiyo, babu."

"Nikiugua nikaugulie kule?"

Marietha alicheka mpaka akashika mgongo. Mzee hakucheka. Alisema, "Walipokuja kuandika waliniandika mimi Zefania na watu wangu. Hawakuandika ukuta. Mwambie mjomba wako aje mwenyewe na nyundo yake, nitampokea." Halafu akaniagizia uji. Nilikunywa kwa aibu yako, maana yangu ilikuwa imeisha.

Mpaka leo nimefika nyumba 71. Zilizohama ni kumi na tisa. Zimebaki 93, na huko mbele ndiko korongo lilikokula zaidi. Tarakimu sahihi za zote kumi na tisa ziko kwenye fomu, nimeziandika kwa kalamu nyekundu. Nakuomba uziingize. Nakuomba pia usikabidhi tarehe 29. Nipe wiki mbili zaidi, nitatembea hata Jumapili.

Nimekasirika, Mjomba, na sijawahi kukuandikia neno hilo. Dereva atakayekuja ni mtu wa Shelui, hajui hapa wala pale. Atafuata mshale tu.

Aneth


Singida mjini,
24 Februari 2024

Aneth,

Marahaba. Nimekuelewa, usiwe na wasiwasi. Rudisha kifaa kwa kondakta yuleyule, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Umefanya vya kutosha, pumzika, msaidie dada yako. Yale ya kalamu nyekundu nitayashughulikia mwenyewe.

Mjomba


Sepuka,
5 Machi 2024

Mjomba Leonard,

Jana dereva alifika. Anaitwa Elisha, mtu mpole. Amekuja na pikipiki yake ya matairi matatu, na kifaa kinaning'inia shingoni kama kitambulisho. Shemeji Antipasi alimkaribisha chai. Nikamwomba nione kifaa. Nikaomba na karatasi zilizokuja nacho.

Namba 12 iko mahameni. Namba 38 iko mahameni. Zote kumi na tisa ziko palepale ulipoziweka ukiwa umekaa kwenye kiti. Hukuingiza hata moja.

Halafu nikafika ukurasa wa mwisho. Imeandikwa: "Nyumba zote 164 zimetembelewa na kuthibitishwa uwandani. Mthibitishaji: Aneth Chediel." Na chini yake kuna sahihi.

Mimi siandiki A yangu hivyo, Mjomba. Ulinisifia mwandiko, kumbe ulikuwa unaupima uuige.

Sikutembelea nyumba 164. Nilitembelea 71. Umeniweka kwenye milango 93 ambayo sijawahi kuigusa, na kila mwanamke aliyeko nyuma ya milango hiyo ameambiwa kwamba Aneth alipita, akaona pako sawa. Hapa kijijini watu wananiita "binti wa redio" kwa sababu ya kile kifaa. Wananisalimia. Marietha ananipigia kelele kutoka shambani, "Binti wa redio, leo tunaishi wapi?" Nitamjibu nini?

Ulisema nisiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko sahihi. Kama ungenikatalia ningeenda mahali pengine, hata kwa mwenyekiti wa kijiji. Ulinituliza ili nikae kimya, kwa sababu unajua kukaa kimya nakuweza.

Tuma tarakimu sahihi kwa Elisha wiki hii. Dada amebakiza siku chache.

Aneth


Singida mjini,
8 Machi 2024

Aneth,

Barua yako haina shikamoo. Nimeigeuza nyuma na mbele nikidhani imeandikwa pembeni. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, mimi ndiye niliyekulipia sare ya kidato cha kwanza, leo unaniandikia kama unamwandikia mwizi wa kuku.

Unadhani kazi inaendaje? Ofisi ina tarehe. Watu wa mradi wa pikipiki za wagonjwa wana tarehe. Nikisema nyumba 93 hazijatembelewa watatunyang'anya kazi na kuwapa wengine, na hao wengine hawatamtuma mtoto mwenye huruma kama wewe, watajaza wakiwa baa. Nimesaini kwa niaba yako ili jina lako liwe kwenye karatasi, likufungulie milango kesho. Vijana wangapi wa kwetu Unyambwa wamemaliza shule mwaka jana na majina yao hayajaandikwa popote?

Nilikuwa nimepanga kurekebisha baada ya mvua. Hakuna kilichoharibika. Elisha ana mdomo, akipotea atauliza.

Ukiandika tena, anza vizuri.

Leonard


Sepuka,
17 Machi 2024

Mjomba,

Umeniambia nianze vizuri. Naanza na habari njema.

Dada Winfrida alijifungua tarehe 11 hospitalini, mtoto wa kike. Alipiga simu asubuhi, Elisha akafika kabla chai haijapoa. Mtoto ni mzima, anaitwa Magdalena, jina la bibi.

Sasa habari nyingine. Tarehe 14 saa nane mchana Marietha alishikwa na uchungu, mimba ikiwa imebakiza mwezi. Alikuwa anatoka damu. Mumewe yuko machimboni, Mzee Zefania alikuwa shambani mbali, na nyumbani alikuwa mama mkwe peke yake. Marietha alipiga simu mwenyewe akasema vizuri kama alivyofundishwa: Barabara ya Mnadani, namba 38.

Elisha alifuata mshale. Mshale ukamwelekeza avuke korongo, lakini maji yalikuwa yanapita, akazunguka kwa juu karibu saa nzima. Alipofika alikuta kuta. Unasema Elisha ana mdomo. Amuulize nani? Ni kipindi cha palizi, saa nane, watu wote mashambani, mahame mazima alikuwepo yeye na mbuzi. Akampigia Marietha, simu ikawa haipokelewi. Akapiga honi. Mimi niliisikia ile honi, Mjomba, nilikuwa nafua nepi za Magdalena. Nilijua ni wapi inapigiwa. Nikaacha maji yanamwagika nikakimbia mpaka ukingoni kumwita, na nina sauti ndogo, hakunisikia. Nilivua kanga nikaipunga mpaka akaiona, akazunguka tena kurudi ng'ambo ya huku, nikampeleka kwa Marietha.

Tulimfikisha hospitali saa kumi na moja jioni. Marietha ameongezewa damu, yuko hai. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa ameshafariki kabla hatujafika.

Hakuna kilichoharibika, uliandika. Barua ninayo.

Mzee Zefania amekuja hapa kwa dada na karatasi ya Elisha mkononi. Hakupaza sauti. Ameniuliza, "Hili jina ni lako?" Nikasema ni langu. Akasema, "Na hii sahihi?" Nikashindwa kujibu, kwa sababu jibu lingekuwa jina lako, na wewe ni mjomba wangu.

Mwenyekiti ameitisha mkutano Jumamosi tarehe 23. Watu wa mradi watakuja. Natumaini na wewe utakuja na nyundo yako.

Aneth


Singida mjini,
20 Machi 2024

Mpwa wangu,

Pole. Nawapa pole wote. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike, hata kama hutaamini.

Mkutanoni siji. Nimeshauriwa nisije. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu: watakapokuuliza, sema siku ile palikuwa na mawingu mazito. Vifaa hivi vinasikiliza satelaiti, watu wanajua mawingu yanazuia jua, watakubali kwamba yanazuia na satelaiti. Hakuna atakayefungwa kwa ajili ya mawingu. Mimi nina watoto watatu, Aneth. Mama yako anakula kwangu, na unajua.

Na kama utakataa, kabla hujasimama mbele za watu na usafi wako, nijibu jambo moja. Nimeongea na Elisha kwa simu. Anasema tarehe 11 namba 12 ilimpeleka moja kwa moja mlangoni kwa Winfrida. Kwenye orodha yangu namba 12 iko mahameni. Wewe mwenyewe uliandika hivyo tarehe 5, ukanitukana. Basi nani aliibadilisha ndani ya kifaa? Na kwa nini alibadilisha hiyo moja?

Tufunike hili, wewe na mimi.

Mjomba wako,
Leonard


Sepuka,
25 Machi 2024

Mjomba Leonard,

Shikamoo.

Niliibadilisha mimi. Tarehe 4, Elisha akiwa anakunywa chai. Nilikuwa na kifaa mkononi na daftari nililonakilia zile tarakimu nyekundu mfukoni. Namba moja inachukua dakika mbili. Nilibadilisha ya dada kwanza. Halafu nilitazama ya 38, nikaanza kuogopa. Niliwaza kwamba ofisi ikikuta moja imebadilika itadhani ni bahati mbaya, ikikuta kumi na tisa itajua ni mimi. Elisha alikaa zaidi ya nusu saa, na alikunywa vikombe vitatu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilimrudishia kifaa chake nikasema asante.

Kesho yake nikakuandikia ile barua ya hasira. Lawama zote zilikuwa za kweli, na bado nimekukasirikia hata sasa ninapoandika. Lakini nilikuwa nimeficha hilo chini yake. Nilikupigia kelele kwa sauti kubwa ili nisijisikie mwenyewe.

Mawingu sikuyasema. Tarehe 14 hapakuwa na wingu hata moja, kanga yangu Elisha aliiona kwa sababu ya jua.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Nilikuwa nimeandika yote kwenye karatasi mbili, nikiwa na nia ya kumpa mwenyekiti asome. Mwenyekiti akasema miwani ameisahau. Nikasoma mwenyewe. Waliokaa nyuma wakasema hatusikii, nikaanza upya. Nilisoma jinsi namba zilivyohama na milango, nikasoma barua zako za tarehe 15 na 24 Februari na ya 8 Machi, nikasoma kwamba sahihi siyo yangu na ni ya nani. Bwana wa mradi alikuwa anaandika haraka. Shemeji Antipasi alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu nikasoma na ya kwangu, namba 12 na vile vikombe vitatu.

Marietha alikuja. Wote walimwambia abaki kitandani, akaja amefungwa kitenge tumboni, akakaa mbele. Hakulia. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Siku ile unakunywa uji kwetu, ulikuwa unajua namba yangu iko kule?"

Nikasema ndiyo.

"Na siku una kifaa mkononi, ulikumbuka?"

Nikasema ndiyo, nilikumbuka.

Mzee Zefania alinyanyuka akamshika mkono wakaondoka, na mkutano ukaisha bila mtu kuufunga.

Watu wa mradi wamesema watakuita. Mama amenipigia akilia, amesema nimemvunjia nyumba mbili, yake na yako. Sitakuomba radhi kwa kusoma barua zako. Ile shikamoo ya juu ni ya umri wako tu, ipokee hivyo.

Elisha ameniachia kifaa asubuhi za siku ambazo hana safari. Jana, baada ya kuingiza zile kumi na nane zilizobaki daftarini, nilitoka peke yangu kwenda kwenye zile nyumba 93. Nilipofika njia panda ya mashine nilimkuta Marietha amesimama na fimbo, bado hajapata nguvu. Hakunisalimu. Nilitaka kukuandikia kwamba alinisalimu, lakini siyo kweli. Mimi ndiye niliyesalimia, na yeye hakuitikia. Alianza kutembea mbele. Yeye anajua kila aliyehama, alihamia wapi na mlango ulibebwa na nani. Anafika kwenye nyumba, anagonga mlango kwa fimbo mara moja, anasogea pembeni. Mimi nasimama pale pale kwenye kizingiti nasubiri tarakimu zitulie, naandika, nahifadhi. Akiona nimemaliza anaondoka.

Nyumba ya sita ni ya mwanamke mmoja mwenye mimba ya kwanza. Akauliza, "Safari hii mmehakikisha?" Nilimwonyesha kioo cha kifaa. Alikuwa hajui kusoma zile tarakimu, akamtazama Marietha. Marietha alikichukua kifaa mkononi mwangu kwa mara ya kwanza, akakitazama muda mrefu, akakirudisha.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia.

Aneth Chediel